Kabla ya kumwaga dawa: umri wa kiluwiluwi wa lamprei una thamani gani?

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kwa lamprei wa baharini, samaki mfyonza damu anayeuawa kwa sumu angali mtoto mtoni, ushauri huo unahitaji nyongeza. Ukimkunja mapema mno, umemwaga dawa ya bei ghali juu ya vitoto ambavyo vingekaa mtoni miaka mingine mitatu bila kumdhuru yeyote. Ukichelewa msimu mmoja, humkuti tena mtoni: yuko ziwani, amejibandika ubavuni mwa samaki mwingine, anamfyonza damu. Ndiyo maana wanaodhibiti spishi vamizi katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini wamehangaika kwa zaidi ya nusu karne na swali linalosikika dogo: huyu kiluwiluwi niliyemtoa kwenye tope, mwembamba kuliko penseli, ana miaka mingapi?

Swali linaweza kuonekana la watu wa maabara wasio na haraka. Sivyo. Jibu lake limetumika kuamua mto upi utiwe sumu mwaka huu na upi usubiri, na fedha za kutia sumu mito yote kwa mkupuo hazijawahi kuwapo.

Kuna kambi mbili, ingawa wenyewe hawajiiti hivyo. Moja inaona kwamba bila umri unapapasa gizani: hujui kasi ya ukuaji, hujui vifo, hujui kama dawa ya mara iliyopita ilifanya kazi. Nyingine inaona umri ni anasa. Mpime urefu, andika, nenda mto unaofuata. Baada ya kufuatilia hoja za pande zote mbili kwa muda, naona kila mmoja ana haki katika jambo ambalo mwenzake halizungumzii.

Kwanza tumjue mnyama mwenyewe. Lamprei ni samaki asiye na taya. Mwili wake unafanana na wa mkunga, na mdomo wake ni duara lililojaa meno linalonasa kama kikombe cha kunyonyea. Kwao ni Atlantiki. Taarifa za kuwepo kwake katika Ziwa Ontario ni za tangu 1835, lakini maporomoko ya Niagara yalimzuia kupanda zaidi, hadi mfereji wa Welland unaoyazunguka maporomoko hayo ulipomfungulia njia. Mwaka 1921 alionekana Ziwa Erie. Kufikia 1938 alikuwa ameshafika Superior, ziwa la juu kabisa. Kabla ya hapo Kanada na Marekani zilikuwa zikivua karibu pauni milioni 15 za trauti wa ziwani kila mwaka katika maziwa ya juu, yaani kama kilo milioni 7. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 samaki waliovuliwa walikuwa wameshuka hadi pauni 300,000 hivi. Si haki kumbebesha lamprei lawama yote, maana wavuvi nao walikuwa wakivua bila kiasi, lakini lamprei mmoja anaweza kuua hadi kilo 18 za samaki katika mwaka mmoja na kitu anaoishi ziwani kama kupe.

Nchi hizo mbili zilitia saini mkataba mwaka 1954, na mwaka uliofuata Tume ya Uvuvi ya Maziwa Makuu ikaundwa. Katika kituo cha utafiti cha Hammond Bay, jimboni Michigan, wanasayansi walijaribu maelfu ya kemikali moja baada ya nyingine wakitafuta inayoua viluwiluwi wa lamprei na kuwaacha samaki wengine hai. Walipata inayoitwa TFM. Ini la lamprei ni dhaifu katika kuivunja sumu hiyo, wakati la samaki wengi linaimudu. Mwaka 1958 ikaanza kumwagwa mitoni.

Kwa nini viluwiluwi, na si wakubwa wanaoleta madhara? Kwa sababu wakubwa wametawanyika katika maziwa makubwa kama bahari, huku watoto wao wakiwa wamebanana kwenye vijito. Kiluwiluwi wa lamprei ni kipofu, hana meno, anajichimbia kwenye tope laini na kuchuja chembechembe za chakula kutoka kwenye maji. Anaishi hivyo miaka mitatu, minne, saba, pengine zaidi. Kisha mwili wake unageuka: macho yanatokea, mdomo unakuwa ule wa duara lenye meno, naye anateremka na maji kwenda ziwani. Kipindi cha kumpata kwa urahisi kimeishia hapo.

TFM ikipita mtoni kwa saa kumi na mbili hivi, inaua karibu marika yote kwa pamoja, wa mwaka huu na wa miaka mitano iliyopita. Lakini lamprei hawarudi lazima mto waliozaliwa. Wanafuata, pamoja na mambo mengine, harufu ya viluwiluwi wanaoishi mtoni. Majira ya kuchipua yakifika, majike wapya hupanda, kila mmoja akitaga makumi ya maelfu ya mayai kabla ya kufa, na mto uliosafishwa unaanza upya. Hivyo dawa hurudiwa kila miaka mitatu hadi mitano. Mito na vijito vinavyoingia katika maziwa hayo ni zaidi ya 5,000. Vilivyowahi kuwa na lamprei ni kama 500. Vinavyotibiwa kwa mwaka ni mia moja hivi. Nani atangulie foleni?

Hapo ndipo umri ulipoingia. Kama ukijua mto fulani una rika kubwa la miaka minne na rika hilo liko mlangoni pa kugeuka, unautanguliza. Kama wengi ni wa mwaka jana, unasubiri. Hesabu safi, kwenye karatasi.

Tatizo ni kwamba lamprei hana kitu cha kusoma. Samaki wengi hubeba kalenda kichwani: vijiwe vya sikio vinavyoongezewa tabaka kila kukicha. Tangu 1971, mtafiti Giorgio Pannella alipoonyesha kwamba samaki huweka tabaka la kila siku, imewezekana kuchukua kijiwe cha samaki mchanga na kuhesabu alizaliwa lini, kwa siku. Kwa mayai hali ni nzuri zaidi. Karpu mla nyasi, mvamizi mwingine anayehofiwa katika Ziwa Erie, hutaga mayai yanayoelea na mkondo. Mayai yake yalipopatikana katika mto Sandusky, Ohio, mwaka 2015, hatua ya ukuaji ya yai pamoja na joto la maji vilitosha kukadiria saa ngapi zimepita tangu litagwe. Ukijua saa na kasi ya maji, unarudi nyuma hadi pale lilipotagwa. Katika kesi hiyo umri unakupeleka hadi mahali pa kuweka nyavu, na sijui mtu anayeweza kuuita anasa.

Lamprei hana magamba. Hana mfupa hata mmoja, gegedu tupu. Vijiwe vyake vya sikio vipo, ila ni vya fosfeti ya kalsiamu badala ya kabonati, ni vidogo kama punje ya vumbi, na mistari yake lazima uitafute kwa hadubini baada ya kukichovya kijiwe kwenye mafuta ili kipitishe mwanga. Mstari mmoja, kinadharia, ni mwaka mmoja: kiangazi cha kukua na baridi ya kusimama. Kivitendo, kuna mistari ya uongo inayotokea katikati ya mwaka. Kuna mito yenye maji yasiyo na madini mengi ambako mistari hufifia au kijiwe chenyewe hakieleweki. Kwa wazee mistari ya mwisho hubanana ukingoni. Wasomaji wawili wenye uzoefu wakipewa kijiwe kilekile wanaweza kuachana kwa mwaka mzima, na yule yule mmoja akikirudia baada ya mwezi anaweza kujipinga mwenyewe.

Si kwamba njia hii haikupimwa. Viluwiluwi wamewahi kutiwa dawa ya antibayotiki inayobaki ndani ya kijiwe na kung'aa chini ya mwanga maalumu, ili mtafiti ajue mstari upi uliwekwa kabla na upi baada ya siku fulani. Wengine wamefugwa wakiwa na umri unaojulikana. Matokeo yanamfundisha mtu unyenyekevu: kwa wadogo, usomaji unaaminika kiasi, kadiri umri unavyopanda, makosa nayo yanapanda. Na wale wenye umri mkubwa ndio hasa mdhibiti anaotaka kuwajua.

Njia ya pili ni urefu. Kamata viluwiluwi mia kadhaa. Hufanywa kwa mashine ya umeme inayobebwa mgongoni: mapigo ya polepole huwachokoza watoke kwenye tope, mapigo ya haraka huwaduwaza ili waokotwe kwa wavu mdogo. Wapime, chora chati. Kilima cha kwanza kitaonekana bila shida, nao ni waliozaliwa mwaka huu. Cha pili mara nyingi nacho kinajitokeza. Baada ya hapo vilima vinalaliana, kwa sababu wa miaka mitatu aliyeishi kwenye tope lenye chakula anamzidi urefu wa miaka mitano aliyekuwa mahali penye baridi na msongamano. Unaweza kuwaachia wanatakwimu wakutenganishie vilima hivyo, na wanafanya hivyo kwa ustadi, lakini hata wao hukuomba uwape vijiwe vichache vya kuanzia.

Tukio moja linaonyesha jinsi ukuaji unavyoweza kukudanganya. Katika mto Big Garlic, Michigan, rika moja tu la lamprei, lililozaliwa 1960, lilitengwa katika kipande cha mto na kufuatiliwa hadi 1972. Umri wa kila aliyekuwamo ulijulikana kwa sababu hapakuwa na rika jingine. Ilipita kama miaka mitano kabla ya wa kwanza kugeuka, nao walikuwa wachache mno. Miaka ilivyosonga wengine wakageuka, na bado mwishoni mwa kipindi hicho walikuwapo ndugu zao waliokuwa viluwiluwi vilevile. Wote ni wa mwaka mmoja na mto mmoja. Ungewapima bila kuijua historia yao, ungeapa kwamba una marika matatu au manne.

Kambi ya pili inapenda sana mfano huu, na inayo sababu. Kama watoto wa siku moja wanaweza kugeuka kwa kupishana miaka mingi, basi kinachosukuma mageuzi si umri wenyewe. Kinachosukuma ni ukubwa na akiba ya mafuta mwilini: karibu milimita 120, karibu gramu 3, na unene wa kutosha kwa urefu huo, maana akigeuka hali chochote kwa miezi kadhaa. Mto wenye viluwiluwi wengi wanaokaribia kiwango hicho ni mto wa hatari, wawe na miaka mitatu au minane. Kwa nini basi upoteze miezi maabara ukisoma vumbi?

Kambi ya kwanza hujibu kwa swali, na swali lao ni zuri. Una kiluwiluwi wa milimita 95. Je, mwakani atafika 120? Kama amefika 95 kwa miaka mitatu, huenda akafika. Kama amechukua miaka saba, sidhani. Urefu unakwambia alipo. Kasi ya kufika hapo ndiyo inayokwambia atakuwa wapi mwakani, na kasi huwezi kuipata bila muda. Anayekataa umri hajauondoa kwenye hesabu. Ameuingiza kimyakimya kwa kudhani kwamba viluwiluwi wote wa mto huo, au wa ziwa zima, hukua kwa kasi moja.

Na hawakui kwa kasi moja. Vijito vya kusini vyenye joto huwatoa kwa miaka mitatu. Vile vya baridi vya Superior huwachelewesha. Zaidi ya hapo, dawa yenyewe huibadilisha saa: mto ukishasafishwa, rika la kwanza kuzaliwa baadaye linakuta tope tupu na chakula tele, linakua upesi kuliko waliotangulia. Kipimo cha ukuaji ulichochukua kabla ya dawa kinakuwa cha mto ambao haupo tena. Ratiba ya "kila miaka minne" iliyotokana na mazoea inaweza kupitwa na rika hilo moja lenye bahati.

Mpaka hapa mtu angedhani kambi ya kwanza inaongoza. Halafu ikaja hesabu ya fedha.

Tangu katikati ya miaka ya 1990 mito ilipangwa kwa uchunguzi wa kina: eneo la makazi ya viluwiluwi lilipimwa, msongamano ukakadiriwa, urefu ukachukuliwa, ukuaji ukatabiriwa, na mwishowe kila mto ukapewa idadi ya lamprei wanaotarajiwa kugeuka mwakani na gharama ya kuua kila mmoja wao. Mto wenye gharama ndogo kwa kila kichwa ulitangulia. Ni mfumo mzuri kuutazama. Ila kila hatua yake ilikuwa na makosa yake, na makosa yalizidishana. Na siku ambazo timu ilizitumia kupima mto mmoja kwa usahihi zingeweza kutumika kuchungulia mito kadhaa, au kuongeza mto mwingine kwenye orodha ya dawa. Watafiti walipolinganisha mfumo huo na uchunguzi wa harakaharaka, unaohesabu tu viluwiluwi wakubwa, wa zaidi ya milimita 100, walikuta kwamba uchunguzi wa haraka ulioachia fedha nyingi za dawa haukuwa mbaya zaidi. Kwa ujumla ulipunguza lamprei vizuri sawa au kupita. Kuelekea mwisho wa muongo wa 2000 uchunguzi huo wa haraka ndio ukashika nafasi.

Mimi naona uamuzi ule ulikuwa sahihi. Kuna tabia ya watu wa sayansi, nami sijitoi, ya kudhani kwamba kujua zaidi daima ni bora. Fedha inayonunua ujuzi ni ileile inayonunua dawa, na ujuzi usiobadilisha foleni haujaua lamprei hata mmoja. Ikiwa mto ungetibiwa mwakani kwa vyovyote, haidhuru wakubwa wake wana miaka minne au sita.

Lakini uchunguzi wa haraka ulijibu swali moja tu, la foleni. Kuna swali la pili ambalo kambi ya kipimo cha urefu hulipita haraka, na hapo ndipo wananipoteza.

Tuseme umetibu mto. Miaka mitatu baadaye timu inarudi, inakuta viluwiluwi wa milimita 115. Kuna maelezo mawili. Huenda hawa walinusurika: walikuwa kwenye kidimbwi cha pembeni ambako dawa haikufika, au mahali chemchemi inapotokeza chini ya tope na kuizimua, au nyuma ya bwawa lililojengwa na biva, mnyama anayeziba vijito kwa miti, likavuruga mkondo. Au huenda ni wapya, waliozaliwa baada ya dawa na kukua kwa kasi ile ya mto mtupu. Jibu la kwanza linasema tiba ilifeli, rudi ukatafute tundu. Jibu la pili linasema tiba ilifaulu, kosa ni ratiba, ifupishe. Ukikosea kuchagua, utaongeza dawa mahali ambapo tatizo ni kalenda, au utabadilisha kalenda huku tundu likibaki wazi. Kwa wadogo sana na wakubwa sana urefu unatosha kutofautisha: kiluwiluwi wa milimita 140 mwaka mmoja baada ya dawa hawezi kuwa mpya. Wa katikati hawasemi kitu. Hapo, kijiwe kimoja kinachosomeka, chenye mistari mingi kuliko miaka iliyopita tangu tiba, kina thamani kuliko vipimo mia vya rula.

Tena hili ni swali la ndiyo au hapana, si la umri kamili. Sihitaji kujua kama ana miaka mitano au sita. Nahitaji kujua kama amezidi mitatu. Msomaji wa vijiwe anayekosea kwa mwaka mmoja ni hasara akijaribu kutabiri, lakini akipewa viluwiluwi ishirini wa mto mmoja na swali la "kabla au baada?", makosa yake hayazuii picha kuonekana. Nashangaa kwamba mjadala mwingi juu ya usahihi wa vijiwe huuliza wamepatia umri kwa asilimia ngapi, na mara chache huuliza makosa hayo yangebadilisha uamuzi upi.

Makosa yenyewe pia hayana uzito sawa. Ukidhani ni wadogo kumbe ni wakubwa, mto unaahirishwa, na rika zima linateremka ziwani kula. Ulimwengu uliona sura ya kosa hilo bila kupanga: mwaka 2020, kwa sababu ya janga la korona, ni kama robo tu ya mito iliyokusudiwa ilitibiwa, na 2021 kama robo tatu. Idadi ya lamprei wakubwa ikapanda miaka iliyofuata, baada ya ucheleweshaji ule ule ambao maisha ya lamprei yanatabiri: mwaka wa kugeuka, mwaka na zaidi wa kula, ndipo kupanda mitoni kutaga. Kwa kambi ya pili hiyo ilikuwa hoja kwamba wingi wa tiba ndio unaotawala, usahihi hufuata. Ni kweli. Ila foleni iliporudishwa ikiwa imerundikana, aliyekuwa na taarifa za marika alikuwa na cha kushika katika kuamua nani amechelewa kabisa na nani bado ana mwaka.

Ukidhani ni wakubwa kumbe ni wadogo, unatibu mapema. Wengi huliona kosa hili kuwa jepesi: dawa imeua hata hivyo, umepoteza fedha kidogo. Sikubaliani kwa wepesi huo. TFM haichagui lamprei wa asili na mvamizi. Maziwa hayo yana spishi nne za lamprei wa asili, baadhi wasiofyonza mtu maisha yao yote, na viluwiluwi wao hufa pamoja na mgeni. Sturjoni, samaki wa asili wa maziwa hayo, nao huathirika wakiwa wachanga, chini ya milimita 100, kiasi kwamba katika baadhi ya mito tiba husogezwa hadi mwishoni mwa msimu ili wawe wamekua. Kila tiba isiyo ya lazima inawapitia hao. (Kwingineko mambo ni kinyume kabisa: katika bonde la mto Columbia, upande wa Pasifiki, makabila ya wenyeji hubeba lamprei wa Pasifiki kwa magari kuwavusha mabwawa ili wasitoweke, na mbinu za kukadiria umri wa viluwiluwi ni zilezile. Kisu kimoja, mikono tofauti.)

Sasa kuna wanaosema mjadala umepitwa na wakati, vinasaba vitamaliza yote. Wanataja mawili. La kwanza ni alama za kikemikali zinazojipanga juu ya DNA kadiri mnyama anavyozeeka. Kwa samaki kadhaa zimetumika kukadiria umri kutokana na kipande kidogo cha pezi, bila kumuua. Ni jambo la kuvutia, lakini saa kama hiyo hurekebishwa kwanza kwa wanyama wenye umri unaojulikana, na kwa lamprei kuwapata hao ndiko kulikosumbua tangu Big Garlic.

La pili linanivutia zaidi, maana linatumia udhaifu wa lamprei mwenyewe. Wazazi hufa baada ya kutaga msimu mmoja. Kwa hiyo ndugu wawili, hata wa mzazi mmoja tu, lazima wawe wa mwaka mmoja; hakuna kaka mkubwa katika familia za lamprei. Ukisoma vinasaba vya viluwiluwi wa mto na kuwapanga kwa undugu, umewapanga kwa rika bila kugusa kijiwe. Undugu hauwezi kukwambia ni rika la mwaka gani, lakini kile kilima cha kwanza kwenye chati ya urefu, kisicho na ubishi, kinakupa pa kuanzia, na unapanda kutoka hapo. Juu ya hayo unapata idadi ya wazazi waliozaa mtoni, taarifa ambayo mitego hukosa mara nyingi. Gharama yake bado inahitaji maabara, mtaalamu na kusubiri, na timu iliyo mtoni haiwezi kusubiri.

Kwa hiyo ningegawa kazi. Mito mingi: rula, hesabu ya wakubwa, basi. Vijiwe na vinasaba ningevitunzia mito ya aina mbili: ile inayotoa wakubwa mapema kuliko ratiba inavyoruhusu, na ile ambayo tiba yake huingiliana na sturjoni au lamprei wa asili, ambako kutibu mwaka mmoja mapema kuna gharama isiyoandikwa kwenye bajeti. Pengine na mito michache ya kila aina, ya baridi na ya joto, ili kasi ya ukuaji tunayoidhani kila mahali iwe inapimwa mahali fulani.

Sababu ya hili la mwisho iko ndani ya rula yenyewe. Timu inapima mwezi Julai. Kiluwiluwi mmoja ana milimita 98, haingii kwenye hesabu ya wakubwa. Jirani yake ana 103, anaingia. Lakini msimu wa kukua haujaisha, na yule wa 98 anaweza kuupita mstari kabla ya baridi, kwa hiyo vipimo vya Julai husogezwa mbele kwa makadirio ya ukuaji hadi mwisho wa msimu ndipo vilinganishwe na vya Septemba. Makadirio hayo yalitoka kwa viluwiluwi ambao mtu fulani, wakati fulani, alikaa akawakadiria umri.